Dende wako: nani akae na nani, na nani akae peke yake

Kabare na Walungu, vijijini karibu na Bukavu, mashariki mwa Kongo, dende wengi (cobaye kwa Kifaransa, kwingine wanaitwa simbilisi) wanafugwa jikoni, sakafuni, karibu na mafiga. Wanalala nyuma ya kuni au chini ya kitanda, wanakula maganda ya ndizi na majani yanayobaki, na kila mara mama wa nyumba akihesabu anakuta wameongezeka. Ufugaji huo umelisha watoto wengi, hasa baada ya vita vya miaka ya 1990, ng'ombe na mbuzi walipoporwa. Dende anafichika kirahisi, na ukikimbia unambeba ndani ya kitunga pamoja na nguo. Lakini jikoni wote wanachanganyika. Kaka anapanda dada, baba anapanda binti, mtoto wa mwezi mmoja anashika mimba, na vizazi vichache baadaye unabaki na dende wadogo, dhaifu, wanaozaa mtoto mmoja mmoja.

Anayefuga mjini Bukavu, Kadutu au Bagira, paseli (kiwanja) ikiwa finyu, mara nyingi anakimbilia upande wa pili. Anapigilia visanduku vingi na kumpa kila dende chake. Hapo napo pana hasara. Dende ni mnyama wa kundi. Kwao asili ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na ndugu zao wa porini huko wanaishi kwa vikundi vidogo, dume mmoja na majike wachache. Ukimtenga bila sababu anajikunyata pembeni, anakula kidogo, na usiku wa baridi wa Bukavu, mji ulio karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hana mwenzake wa kujibana naye.

Ninavyoshauri mimi: majike wakae pamoja, dume aingie kwao kwa muda unaoujua, na vijana wa kiume watoke mapema kuliko watu wengi wanavyodhani.

Hatua ya 1: Jua jinsia kabla ya kulipa

Sokoni, iwe Kadutu, Nyawera au Mudaka, dende wanakuja wamebanana ndani ya kitunga. Ukiuliza, "Mama, iyi ni mwanaume ao mwanamuke?" jibu liko tayari: "Mwanamuke, papa, beba tu." Si lazima awe anakudanganya. Wachanga wanafanana sana, na huenda naye aliambiwa hivyohivyo na aliyemuuzia. Mwangalie mwenyewe.

Weka mkono mmoja chini ya kifua chake na mwingine ubebe matako, kisha mlaze chali kwenye paja lako. Kwa kidole gumba, bonyeza polepole juu kidogo ya tundu la mkojo, upande wa tumbo. Akiwa dume, kijiti chembamba kitachomoza. Akiwa jike hakuna kinachotoka, na mkunjo wa pale utauona una umbo la herufi Y. Dume mzima haleti shida, maana korodani zake zinavimba pande zote mbili. Chuchu zisikudanganye: jike anazo mbili, na dume pia anazo mbili.

Jike mwenye tumbo zito usimbonyeze hata kidogo. Na ukibaki na shaka juu ya mchanga yeyote, mhesabu kuwa dume mpaka umri ukuoneshe. Ukimweka jike na vijana wa kiume kwa shaka hiyo, lakini, utapata mimba usiyoitaka. Kwa hiyo unayemtilia shaka apewe chumba chake, pembeni ya wengine, asikie sauti zao.

Hatua ya 2: Andaa vyumba vitatu na kisanduku kimoja cha akiba

Hata ukianza na majike wanne tu, unahitaji chumba cha majike, chumba cha dume, chumba cha vijana, na kisanduku kitupu kwa ajili ya mgonjwa au mgeni. Watu wengi wanajenga chumba kimoja kikubwa wakisema vingine vitakuja baadaye. Dende hawasubiri hiyo baadaye.

Wafugaji wa Andes wanatumia uzio wa mita 1 kwa mita 1 na nusu, ukuta wa sentimita 45, kwa dume mmoja na majike 10. Kwa anayeanza naona 10 ni wengi mno. Ndani ya nafasi hiyohiyo weka wanne au watano, utaweza kumwona kila mmoja akila. Ukuta wa sentimita 45 unatosha kumzuia dende, kwa sababu hapandi na haruki sana. Kifuniko cha wavu wa waya unakiweka kwa ajili ya wengine: paka, panya, na watoto wa jirani.

Kwenye miteremko ya Kadutu, ambako nyumba zimeegemeana, watu wanajenga kwenda juu, ghorofa mbili za mbao. Ni sawa, mradi mkojo wa juu usiwadondokee wa chini. Kati ya ghorofa laza kipande cha bati kwa mshazari, mwisho wake kimwage ndani ya kopo.

Sakafu ya vipande vya mbao vyenye nafasi katikati inapunguza kazi ya kufagia, lakini mguu wa mtoto unanasa humo na kuvunjika. Chumba cha majike kiwe na sakafu nzima, juu yake nyasi kavu au randa kutoka kwa seremala. Randa ya mbao iliyopakwa rangi au dawa ya mchwa iache hukohuko. Hapa mvua inaanza Septemba na kuendelea mpaka Mei, na miezi hiyo yote nyasi hazikauki vizuri, kwa hiyo kata na uweke akiba ya kutosha kati ya Juni na Agosti. Dende hodari wa mwili anaweza kuvumilia baridi. Akilala juu ya matandiko yaliyolowa, kifua kinamshika.

Hatua ya 3: Panga makundi

Majike wazima wanakaa pamoja bila matatizo makubwa. Kutakuwa na mkubwa wao, atakayewafukuza wenzake kwenye majani, na hilo ni jambo la kawaida.

Dume mmoja anatosha majike watano mpaka kumi. Madume wawili kwenye chumba chenye majike, usijaribu. Watapigana mpaka mmoja aumie, na hata wasipoumizana hutajua nani ni baba wa nani.

Je, madume wawili peke yao? Inawezekana wakiwa ndugu waliokua pamoja, wana nafasi, na hakuna harufu ya jike karibu. Katika nyumba ya mfugaji majike wako ukuta wa pili, na harufu inapita kwenye ubao. Wakifika miezi mitatu au minne, urafiki unaisha. Kwa hiyo dume wa mbegu namweka peke yake, lakini nampa dirisha la wavu upande wa wenzake. Anawaona, anawasikia, hapigani na mtu.

Sungura asikae nao, ingawa wengi wanawachanganya kwa sababu wote wanakula majani. Teke la sungura linaweza kumvunja dende mgongo. Tena sungura anabeba kwenye pua bakteria wa kifua, wanaoitwa bordetela, ambao yeye hawamsumbui sana lakini dende wanamuua. Kuku nao wanadonoa wachanga na kuleta kinyesi kwenye chakula.

Hatua ya 4: Mgeni asiingie siku hiyohiyo

Dende aliyetoka sokoni amekaa na dende wa nyumba kumi tofauti ndani ya kitunga kimoja. Mweke kwenye kile kisanduku cha akiba kwa wiki mbili au tatu, mbali na wenzake, umhudumie wa mwisho na unawe mikono. Angalia kama anajikuna mpaka manyoya yanatoka (upele huo unaenea kundi zima), kama anahara, kama pua inatoka kamasi, kama anapumua kwa kukoroma. Akimaliza wiki hizo akiwa mzima, siku ya kumkaribisha inafika.

Usimtumbukize tu ndani ya chumba cha wenyeji. Kwao ni nyumba yao na watamchukulia mvamizi. Watoe wote, mgeni na wenyeji, uwapeleke mahali ambapo hakuna aliyewahi kulala: kona ya uwanja iliyofagiliwa, au sebuleni juu ya gunia. Tawanya majani mafungu matatu au manne yaliyoachana. Weka vificho kadhaa vyenye milango miwili, kwa mfano boksi la katoni lililotobolewa pande zote mbili. Kificho chenye mlango mmoja ni mtego, anayefukuzwa akiingia humo hana pa kutokea. Fanya hivyo asubuhi, si jioni, ili uwe na mchana mzima wa kuangalia.

Sasa kaa uangalie, na mikono yako itulie. Watanusana puani na matakoni. Mmoja atanguruma kwa sauti nzito ya kooni huku akitembea polepole na kutikisa matako. Watafukuzana, watapandiana hata majike kwa majike, watainua vichwa juu kuona nani atashusha wa kwanza. Ni kelele, lakini ndiyo namna yao ya kupangana. Ukiwatenganisha hapo, kesho wataanza upya.

Kinachopaswa kukusimamisha ni kingine: meno yanayogongana haraka haraka, manyoya ya shingo yamesimama, wawili wametazamana bila kusogea, mmoja anapiga miayo kuonesha meno. Tupa kitambaa kizito kati yao. Wakishikana kabisa, watenganishe kwa ufagio au kwa kitambaa, kamwe si kwa mkono mtupu, kwa sababu jino la dende linapenya kidole mpaka ndani. Damu ikitoka, jaribio la siku hiyo limekwisha. Osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa na kupoa yenye chumvi kidogo, mwache apumzike siku chache, kisha jaribu tena ukimuunganisha kwanza na jike mmoja mpole.

Wakishakula fungu moja pamoja na mmoja wao akalala ubavu, safisha chumba, badilisha matandiko yote ili harufu ya zamani iondoke, ndipo uwarudishe wote kwa pamoja.

Hatua ya 5: Dume aingie na kutoka kwa tarehe

Hapa unahitaji kaye (daftari) ya shule na kalamu. Mimba ya dende inachukua kama siku 68. Inaweza kuwa 59, inaweza kufika 72. Jike anarudi kwenye joto (hamu ya kupandwa) kila baada ya siku 16 hivi. Hesabu yote inatoka humo.

Tuseme umemwingiza dume tarehe 1 Machi. Aliyeshika mimba siku ya kwanza atazaa karibu na tarehe 8 Mei, na aliyekosa mzunguko wa kwanza akashika wa pili atazaa karibu na tarehe 24 Mei. Basi dume atoke kabla ya tarehe 29 Aprili, siku ya 59. Kwa nini umtoe wakati majike wote wana mimba tayari? Kwa sababu jike wa dende anarudi kwenye joto saa chache tu baada ya kuzaa. Dume akiwepo, anampanda siku hiyohiyo, na mama anaanza kunyonyesha huku amebeba mimba nyingine.

Wapo wanaotaka hivyo, kwa sababu watoto wanakuja wengi kwa mwaka. Kwa mwenye majani mengi ya bingobingo shambani, labda. Mimi kwa mfugaji wa mjini, anayenunua majani au kuyakata kando ya barabara, sikubaliani. Jike anakonda, watoto wanazaliwa wadogo, na baada ya uzazi wa tatu au wa nne unampoteza. Mpumzishe mpaka watoto waache ziwa.

Majike wenyewe usiwatenganishe wakati wa kuzaa. Wanazaa usiku mara nyingi, na wenzake hawawali watoto. Wakizaa kwa kupishana siku chache, wananyonyeshana watoto, jambo la faida kwa sababu kila mama ana chuchu mbili tu na anaweza kuzaa wanne. Tahadhari iko kwenye umri: mtoto wa wiki mbili anamsukuma wa jana na kummalizia maziwa. Ukiona uzazi umepishana hivyo, weka uzio mdogo kati ya mama hao kwa siku kadhaa.

Jambo jingine la kuandika kwenye kaye ni umri wa jike anapopandwa mara ya kwanza. Apandwe akiwa na miezi mitatu hivi na gramu 500 au zaidi. Asipitishe miezi sita au saba bila kuzaa, kwa sababu mifupa ya nyonga inashikana, na siku ya kuzaa haitafunguka vizuri. Jike mkubwa ambaye hajawahi kuzaa, muuze kwa ajili ya nyama au mwache na majike wenzake tu.

Hatua ya 6: Siku ya 21

Kama unakumbuka hatua moja tu ya mwongozo huu, iwe hii. Mtoto wa dende anazaliwa na manyoya, macho wazi, meno tayari, na siku ya pili ameshaanza kutafuna majani. Anaonekana mtoto kwa wiki nyingi, lakini ndani anakua haraka. Dume mdogo anaweza kumpa mimba mama yake au dada yake kabla hajafikisha miezi miwili, na jike mdogo anaweza kushika mimba akiwa na mwezi mmoja na kidogo.

Kwa hiyo siku ya 21 geuza kila mtoto tumbo juu, kama ulivyofanya sokoni. Wa kiume waende chumba cha vijana. Wa kike wabaki na mama zao, ilimradi dume, ambaye ni baba yao, hayumo. Aliyezaliwa tarehe 8 Mei anahamishwa tarehe 29 Mei, hata kama ni Jumapili na mvua inanyesha. Wahamishe vijana wote wa kiume pamoja siku moja, wasihame mmoja mmoja, maana wakihama pamoja wanavumiliana kwa muda mrefu zaidi. Wakianza kugongana meno, ndiyo siku ya kuuza au kupika, isipokuwa yule mkubwa na mtulivu unayetaka kumfanya mbegu.

Hatua ya 7: Lisha kundi, si bakuli

Ugomvi mwingi unaanzia kwenye chakula. Dende wa gramu 800 anahitaji karibu gramu 240 za majani mabichi kwa siku. Ukiweka fungu moja kona moja, mkubwa analala juu yake. Weka mafungu kadhaa, na maji mahali pawili. Bingobingo, matembele na majani ya mahindi ni mazuri. Yaliyolowa mvua au umande yaache yanyauke kwanza, yasije yakawajaza tumbo gesi. Majani ya avoka, ya nyanya na ya viazi vya kizungu ni sumu, na ya muhogo mabichi usiwape.

Dende, kama sisi, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Lazima aipate kila siku kwenye majani mabichi, na katika kundi anayefukuzwa ndiye anayeanza kuikosa. Utamwona anatembea kwa kuchechemea, viungo vimevimba, manyoya yamesimama, na majirani watasema amepigwa. Mpeleke kwenye kisanduku cha akiba, mpe majani mengi mabichi na kipande cha pilipili tamu au cha papai, halafu umrudishe mapema iwezekanavyo. Akikaa nje wiki nyingi, kundi linamsahau, na unaanza upya hatua ya 4.

Akiugua kweli, tafuta veterinere (daktari wa mifugo). Usimpe vidonge vya nyumbani vya amoksisilini, ampisilini wala penisilini: vinaua bakteria wazuri wa tumboni mwake, naye anakufa kwa kuhara siku chache baadaye.

Hatua ya 8: Badilisha dume

Binti zako wa kwanza wakifika miezi mitatu, dume uliye naye ni baba yao, na hapaswi kuwapanda. Tafuta mfugaji wa mtaa mwingine, ikiwezekana wa mbali kabisa: wewe uko Bagira, yeye awe Nyangezi. Badilishaneni madume, dume kwa dume, uzito ukikaribiana, bila pesa. Kabla hujakubali, muulize dume wake alitoka wapi. Mara nyingine utagundua alinunuliwa kwa jirani yako. Andika kwenye kaye tarehe, rangi yake na alikotoka, mweke wiki zake mbili au tatu kwenye kisanduku cha akiba, kisha umwingize kwa binti hao kwanza. Mama zao wanaweza kumsubiri.